Mwalimu Vioo na Picha Kumi na Nne

Watoto ndio waliompa jina hilo, na watoto wa chekechea hawabahatishi. Mwalimu wa hesabu walimwita Mwalimu Macho, kwa sababu hakuwahi kushika fimbo, alikuwa akikutazama tu ukajirekebisha mwenyewe. Huyu wetu wakamwita Mwalimu Vioo. Kila siku saa tatu asubuhi aliingia darasani na kikapu chenye vioo ishirini, vile vidogo vya mviringo vya kuweka mkobani, vyenye mgongo wa plastiki nyekundu. Alimgawia kila mtoto chake, kisha akasema, "Haya, tuione midomo." Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wa miaka minne irabu za Kihispania. Ziko tano: a, e, i, o, u. Najua unachotaka kusema. Subiri kwanza.

Wazazi nao walikisema. Fundi mmoja wa magari, mwenye mtoto darasa lile, alisimama kwenye mkutano akauliza, "Samahani, hizi si ndizo zile zile za kwetu? Mimi marehemu mama alinipa bure, jikoni, tena na kofi juu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkurugenzi, yaani mwenye shule, mtu ambaye hakuwahi kukosa jibu hata pale jibu lisipokuwepo, akainua kidole. "Zinafanana kwa sura tu, mzee wangu. Hizi zimepanda ndege."

Mkurugenzi alikuwa mwongo, lakini kazi yenyewe haikuwa ya uongo. Watoto wa siku hizi huletwa shule wakiwa wameshalelewa na simu. Ukimwonyesha herufi ya kwanza anakwambia "ei", ya pili "ii", ya tatu "ai", na ukifika ya tano anakuimbia "yuu" huku shingo inacheza. Mwalimu Vioo alizivua sauti hizo moja moja, kama mtu anayemvua mtoto viatu vilivyolowa. "Usiivute," alikuwa akisema. "Irabu si kamba. Fungua, sema, funga." A, mdomo wazi kama unamwonyesha daktari koo. E, tabasamu la mtu asiyependa kupigwa picha. I, tabasamu la anayependa. O, yai. U, busu. Zikikaa sawa ndipo yakaja maneno: ala, yaani bawa; oso, yaani dubu; uva, yaani zabibu.

Mwisho wa kipindi kulikuwa na jambo lake mwenyewe, ambalo hata waliokuja kumkagua hawakuliona kwingine. Mtoto aliyeipata sauti hakupigiwa makofi. Alimfuata mtu anayemtaka yeye, akabana shavu kwenye shavu la mtu huyo mpaka nyuso mbili zikaenea kwenye kioo kimoja, kisha wakaisema sauti kwa pamoja. Kioo ni kidogo, na bila kubanana hakiwatoshi wawili. Watoto waliogombania kijiko asubuhi walipatana hapo. Namna hiyo ya kufundisha hakuisomea chuo chochote. Aliipata kwa bei mbaya, na bei hiyo ndiyo habari yenyewe.

Alipokuwa na miaka ishirini na minne alikuwa na binti wa miezi minane, na aliyempa mimba alikuwa ameshaingia mitini. Akapata kazi ya yaya kwa injinia mmoja Mhispania na mkewe, waliokuwa wakijiandaa kurudi kwao na mtoto wao wa kiume wa miaka miwili. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Binti akamwachia dada yake mkubwa.

"Miaka miwili ni nini?" dada akamwambia. "Utarudi utamkuta anatembea."

Alirudi akamkuta anavaa sidiria. Alikaa miaka kumi na minne.

Kilichomweka huko kilikuwa hivi. Yule mtoto wa injinia hakuwa akitoa sauti. Si kwamba alichelewa kusema, hata kulia alilia kimya, machozi tu yakishuka. Akaletwa mama mmoja mtaalamu, akija mara mbili kwa wiki na kioo chake, akimfundisha mtoto kuuona mdomo. Siku zilizobaki kazi hiyo ilikuwa ya yaya. Mwaka mzima alimpakata yule mtoto mbele ya kioo, shavu kwa shavu, a, e, i, o, u, mpaka yeye mwenyewe akawa anaziota. Alhamisi moja, saa kumi na nusu jioni, mtoto akasema "o". Yaya alikuwa amevaa gauni la kijani. Alikuwa ameacha maziwa jikoni, yakafurika. Mambo hayo yote anayakumbuka hadi kesho, ukimwamsha usingizini atakutajia.

Miaka miwili ilipokwisha, mwajiri alimkatia tiketi ya kurudi. Mtoto alipoona sanduku mlangoni akanyamaza tena, siku tisa. Yaya akairudisha tiketi. Mwaka wa tano wakamkatia nyingine, akairudisha hiyo pia, na safari hiyo hakuna mtoto aliyenyamaza. Hapo ndipo mimi nashindwa kumtetea. Pesa alituma kila mwezi, sikatai, na binti alisoma kwa pesa hizo. Lakini ukweli ni kwamba kule kulikuwa na mtu anayemkimbilia mlangoni akitoka sokoni, na mtu akishapendwa mahali huwa mzito kuhama. Alipenda, akapendwa, akakaa. Ni hilo tu.

Mwishowe kijana akakua, yaya hatakiwi tena, akarudi. Alishuka kwenye gari mbele ya nyumba ya dada yake, mikono wazi. Binti wa miaka kumi na minne na ushei akatoka, akasimama nyuma ya bega la mama yake mkubwa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

Hakuna aliyemfundisha kwa ubaya. Katika nyumba ile cheo cha mama kilikuwa kimeshachukuliwa, na mdogo wake mama ni mama mdogo, basi. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na aliyeifanya kazi hiyo alikuwa amesimama pale pale na upawa mkononi.

Usiku wa kwanza binti akauliza kwa nini. Na hapo mwanamke huyu akafanya kosa ambalo lilimla baadaye. Angesema ukweli, labda wangegombana mwaka mmoja wakapatana. Badala yake akasema, "Nilikuwa nimefungwa, mwanangu. Pasipoti walificha. Nilikuwa nalala jikoni, chini, nalia kila siku. Hata ulipolazwa na homa ya mapafu, dada alipopiga simu, ndiyo maana sikuja. Walinifungia mlango."

Binti akalia. Akamshika mkono. "Basi usijali, mama mdogo," akasema. "Hukuwa na uwezo."

Alimsamehe, tena kwa moyo. Lakini aliyesamehewa alikuwa mtumwa aliyefungiwa jikoni, na mtumwa huyo hakuwahi kuwepo. Cheo hakikubadilika. Miaka ishirini ilipita, binti akawa nesi, akaolewa, akazaa, na kila akija kumjulia hali aliingia na matunda na ile ile "shikamoo, mama mdogo".

Mjukuu alizaliwa na doa dogo jeusi chini ya mdomo, wakamwita Kidoti. Doa hilo hilo Mwalimu Vioo analo, mahali hapo hapo. Dada yake hana. Lakini bibi wa Kidoti alikuwa dada, na Kidoti alipofika miaka minne hakujua kwamba kuna bibi mwingine duniani.

Binti alipotafuta shule, ile ya Mkurugenzi ndiyo iliyokuwa karibu na zahanati anayofanyia kazi. Akaja kwa mama yake kwanza, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Nitamleta kwako," akasema. "Ila naomba kitu kimoja. Asijue. Kwake wewe uwe mwalimu tu."

"Mpaka lini?"

"Nipe mwaka. Nataka nikuone naye. Nataka nizoee." Akachezea ufunguo mkononi. "Siku ya wazazi watoto si huwa wanapeleka vioo kwa watu wao? Siku hiyo nitamwonyesha mimi mwenyewe. Nitamwambia, mpelekee yule, yule ndiye bibi yako aliyenizaa."

Mwalimu Vioo hakulala wiki nzima kwa furaha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama mwaka mzima bila kulalamika. Kidoti alipoingia darasani siku ya kwanza na "ei" yake ya simu, alimvua sauti ile kwa upole kuliko alivyowahi kumfanyia mtoto yeyote, na kuliko ilivyo haki, maana kuna wengine kumi na tisa walikuwa wakisubiri. Kidoti alikuwa mtoto wa maneno mengi na subira kidogo. O alisema, i ikamsumbua, akatupa kioo chini, akanuna. Alipoipata hiyo i hakumfuata mtoto mwenzake. Alikuja moja kwa moja kwa mwalimu, akabana shavu, wakaisema pamoja.

Mtoto wa fundi wa magari akawachungulia. "Mwalimu, wewe na Kidoti mna doa moja!"

"Madoa yako mengi," Mwalimu Vioo akajibu. "Kaa chini."

Mwezi wa tisa fundi wa magari akaanza tena. Safari hii aliuliza cheti. Huyu mwalimu Kihispania chake kakisomea wapi? Karatasi iko wapi? Mkurugenzi akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu, nisaidie nikusaidie. Cheti unacho?"

"Sina."

"Barua? Picha? Mtu wa kukushuhudia?"

Hapo angeweza kusema hapana. Lakini mtu akidharauliwa kazi yake hujitetea kwa alichonacho, na yeye alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia maishani, nacho hakuwahi kumwonyesha mtu. Akasema, "Yupo kijana niliyemfundisha kusema. Sasa ni mtu mzima, ana watoto. Huwa ananipigia kila mwaka mpya." Akampa namba. Alitegemea Mkurugenzi ataomba barua fupi, aibandike ofisini, basi.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa barua.

Siku ya wazazi ilifika. Viti vya plastiki vilijaa hadi kibarazani. Binti alikaa mstari wa pili katika gauni lake la heshima, na pembeni yake dada mkubwa, mkoba mapajani. Kabla ya kuanza, binti aliinama akamnong'oneza Kidoti, kisha akainua macho, akamtazama mama yake aliyekuwa amesimama mbele na kikapu, akamwitikia kwa kichwa. Mwalimu Vioo alilielewa hilo. Akaanza kuhesabu vioo ambavyo alikuwa ameshavihesabu mara tatu.

Watoto wakaimba irabu zao, wakasema dubu na zabibu, wakapigiwa makofi, hata fundi wa magari alipiga. Vilibaki vioo tu. Ndipo Mkurugenzi akapanda jukwaani, tai nyekundu, akazima taa.

"Wazazi wapendwa, kuna walioniuliza cheti cha mwalimu. Leo cheti kitazungumza chenyewe."

Projekta ikawaka, na ukutani akatokea mwanaume mwenye ndevu, mkubwa kama mlango, anacheka. Akasema kwa Kihispania kwamba anafurahi sana. Hapakuwa na mwingine wa kutafsiri. Mkurugenzi akamkabidhi Mwalimu Vioo kipaza sauti, na hivyo mwanamke huyu akawa mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

"Anasema... anawasalimu wote."

Mwanaume akaendelea, haraka, kwa furaha. Alisema alikuwa bubu na mwanamke huyu akamtoa kwenye ububu. Alisema familia yake ilimkatia tiketi mara mbili naye akazirudisha kwa ajili yake, na kwamba hajawahi kulisahau jambo hilo.

"Anasema nilifanya kazi kwa bidii," Mwalimu Vioo akatafsiri.

Kisha mwanaume akaweka mkono kifuani, akasema polepole ili ukumbi mzima umsikie: "Ella es mi mamá. Mi mamá."

Neno hilo halikungoja mkalimani. Wazazi wakasema "aaah", wengine wakapiga makofi. Mwalimu Vioo aliinua kipaza sauti, akakishusha. Hakuthubutu kutazama mstari wa pili.

Na hilo lingepita. Watu huita mama mtu yeyote mwenye huruma, binti angeweza kulimeza. Lakini kijana alikuwa ameandaa zawadi. Picha zikaanza kupita ukutani, moja baada ya nyingine, za siku zake za kuzaliwa. Zilikuwa kumi na nne. Kila moja ina keki, na kila moja ina mwanamke yule yule, kijana, mnene kiafya, gauni zuri, mtoto kamning'inia shingoni. Kwenye ya tatu amepakwa krimu puani. Kwenye ya tano anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Kila picha ilikuwa na tarehe pembeni, zile namba za njano za kamera za zamani, na ukutani kila namba ilikuwa kubwa kama kiganja. Picha ya saba ilikuwa ya wiki ile ile ambayo binti alilazwa na homa ya mapafu na mlango ukawa "umefungwa". Katika picha hiyo mlango ulikuwa wazi nyuma yao, na bustani inaonekana.

Njia ya mwongo fupi, husema watu. Yake ilikuwa na miaka ishirini, lakini iliishia pale.

Taa zikawashwa. Mkurugenzi akapiga makofi kupita wote. "Na sasa, vioo!"

Watoto wakakimbia na vioo vyao kwa mama zao, baba zao, shangazi zao. Kidoti alisimama katikati ya ukumbi, kioo mkononi, akamtazama mama yake kama walivyokubaliana. Mwalimu Vioo alikuwa ameshapiga goti moja chini bila kujua, ili mtoto amfikie shavu. Binti akainua mkono. Kidole kilikaa hewani kidogo. Kisha akamwonyesha dada mkubwa.

Kidoti akaenda, akabana shavu. Wakasema "a".

Watu walipokwisha kutoka ukumbini, Mwalimu Vioo alikuwa darasani akikusanya vioo kikapuni. Binti akaingia peke yake. Hakukaa.

"Mwanangu, ngoja nikueleze..."

"Ulikuwa unacheka," binti akasema.

"Nini?"

"Kwenye picha zote. Nimeziangalia zote kumi na nne. Unacheka." Hakuwa na hasira, na hasira ingekuwa nafuu. "Unajua mimi nilikuwa nafanya nini kila nikienda kulala? Nilikuwa naogopa wanakupiga, kama tulivyokuwa tukisikia mayaya wa nje wanavyofanyiwa. Mama alikuwa ananipigisha goti, nakuombea usipigwe. Nilikuwa mdogo, sijui hata sura yako, nakuombea upewe godoro."

"Pesa zilikuwa..."

"Ungeniambia ulipenda kule. Ningekuchukia kidogo, halafu ningeacha. Sasa nimemsamehe nani?"

Mwalimu Vioo alikuwa ameshika kioo cha mtoto fulani, kina alama za vidole na pumzi, akakifuta, akakifuta tena.

"Yule mtoto wako," binti akasema, "alianza na irabu gani?"

"O." Ilimtoka kabla hajafikiri. "Alhamisi. Saa kumi na nusu."

"Na mimi?"

Nje Mkurugenzi alikuwa akipanga viti, anapiga mluzi. Mwalimu Vioo angeweza kubahatisha. Ziko tano tu. Lakini alikuwa amechoka kudanganya, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini kwamba alimwambia mwanawe ukweli mtupu.

"Sijui."

Binti akatikisa kichwa, kama nesi anayepokea majibu aliyokuwa ameshayategemea. "Kidoti ataendelea kuja," akasema. "Shule ni nzuri, na kazi unaijua. Sitamhamisha kwa sababu ya mambo yetu. Wewe uwe mwalimu wake." Alifika mlangoni, malezi ya dada yakamrudisha. "Haya, shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba."

Jumatatu, saa tatu, kikapu kikaingia darasani kama kawaida. Ukinihoji nitakwambia ilikuwa afadhali mtoto angehamishwa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hakuna anayekulazimisha uketi kila siku mbele ya mahali yalipomwagikia.

Walirudia i. Kidoti akaipata mara ya kwanza, safi, bila kuivuta. Akanyanyuka, akapita kati ya meza, akaja kwa mwalimu mbio, akabana shavu kama alivyozoea. Nyuso mbili zikaenea kiooni, na madoa mawili.

"Mwalimu, jana nimemfundisha bibi zote tano!" akasema. "Bibi yangu. Tulikaa na kioo mpaka giza. Alikuwa hajui!"

"Hongera," Mwalimu Vioo akasema. "Na alianza na ipi?"

"A. Halafu akanibusu."

"Vizuri sana." Akalitoa shavu lake polepole, akakigeuza kioo kikamwelekea mtoto peke yake. "Haya. Rudi kwenye kiti chako."